Roadster ya viti viwili na Noah ya viti vinane: uchambuzi wa kisa kimoja cha Kiembe Samaki

Swali alilokuja nalo jamaa lilikuwa fupi: abadilishe au asibadilishe? Mkononi anayo Mazda Roadster ya mwaka 1999, nyekundu, milango miwili, viti viwili, paa la turubai la kukunja kwa mkono. Kuna mtu wa Mwanakwerekwe ana Toyota Noah ya viti vinane na yuko tayari kuichukua Roadster, ila aongezewe shilingi milioni 5. Jibu linatakiwa kabla ya Ijumaa.

Ameniruhusu kukiandika kisa chake kwa sharti nisimtaje jina. Nakiandika kwa urefu kwa sababu nimeshaona watu wengi hapa Unguja wakiingia katika biashara ya namna hii baada ya kupiga hesabu ya petroli tu. Petroli ni rahisi kuhesabu, lakini katika kisa hiki haikuwa na uzito wowote. Kilichokuwa na uzito ni watu: nani atapanda, kwa safari gani, na nani atakuja kugonga mlango akishasikia kuwa nyumba hii sasa ina gari yenye viti.

Jamaa ana miaka 43, ni mhasibu, ofisi yake ipo Mjini na nyumba yake Kiembe Samaki. Kazini huenda kwa Vespa, na Vespa haimo katika mjadala. Hiyo haruhusu hata itajwe. Mkewe anasomesha skuli ya msingi. Watoto ni wawili, mmoja wa miaka 7 na mwengine wa 4. Mama yake anaishi Makunduchi, kusini kabisa ya kisiwa, kilomita 60 na ushei kutoka Mjini. Ana sukari, magoti yanamsumbua, na kila mwezi huja kliniki Mnazi Mmoja. Roadster aliinunua kabla hajaoa, ikaletwa kwa meli kutoka Japani, na wakati huo viti viwili vilikuwa vinamtosha na kimoja kinabaki.

Kwanza niitetee gari, maana barazani walikwishaihukumu kuwa ni mchezo wa matajiri. Mazda waliionesha Roadster ya mwanzo mwaka 1989 kwenye maonesho ya magari ya Chicago, wakati gari ndogo za wazi za Kiingereza zilikuwa zimeshapotea sokoni. Shabaha yao ilikuwa gari nyepesi, ya bei ya mtu wa kawaida, injini mbele na tairi za nyuma ndizo zinazosukuma. Toleo la pili, ambalo ndilo la jamaa, lilitoka mwaka 1998, na mwaka 2016 kiwanda kilitimiza gari milioni moja za jina hilo. Ya kwake ina injini ya 1.8, gia za mkono, na uzito wa tani moja na kidogo. Hata boneti ni ya alumini ili kupunguza kilo. Si gari ya kasi kubwa. Raha yake ni kwamba ukishika usukani unajua tairi ya mbele inakanyaga nini. Ukiitoa alfajiri turubai likiwa chini, ukapita chini ya miembe ya Bungi, ukaukata msitu wa Jozani kabla jua halijapanda, utaelewa kwa nini mtu mzima na akili zake anashindwa kuiuza. Na utaelewa pia kwa nini anayapanda kimshazari yale matuta yaliyowekwa Jozani kuwanusuru kima punju: akiyapanda moja kwa moja anaacha bampa.

Aliniambia anaiendesha kila wikiendi. Mkewe, aliyekuwa anamimina chai, akacheka. Sikutaka kuwa hakimu baina ya mke na mume, nikaenda kutazama kistika cha fundi kwenye kona ya kioo cha mbele, kile kinachoandikwa kilomita za siku oili ilipobadilishwa. Kilikuwa cha mwaka mmoja nyuma. Kutoka siku hiyo gari ilikuwa imekwenda kilomita 1,400. Hiyo ni Makunduchi kwenda na kurudi mara moja kwa mwezi, basi, na mwezi mmoja uliruka.

Si uvivu. Gari ya wazi katika kisiwa hiki ina saa zake, asubuhi mapema na baada ya alasiri. Mchana jua linakuunguza utosi. Masika, kuanzia Machi mpaka Mei, turubai halishuki, na Vuli nayo ina siku zake. Shemegi, yaani mkewe jamaa, naye alishakataa zamani kuipanda ikiwa wazi, kwa sababu upepo wa njia ya Fumba unamnyang'anya mtandio, "na mimi sikuolewa nije nigombanie mtandio na upepo." Ukishatoa jua, mvua na mtandio, wikiendi zinazobaki si nyingi.

Sasa petroli, niimalize haraka. Kwa kilomita 11 kwa lita, safari za mwaka mzima zimekunywa lita 127. Noah ya injini ya lita 2, kwa foleni za Mjini, tuipe kilomita 9 kwa lita. Kwa safari zile zile ingekunywa lita 156. ZURA, mamlaka inayopanga bei za mafuta Zanzibar, wapandishe bei mwezi huu au washushe, tofauti ya lita 29 kwa mwaka haimkoseshi mtu usingizi. Bima na leseni ya njia analipa vile vile, gari itembee au ilale. Hoja ya kwamba gari ya spoti inakula pesa, iliyopigiwa kelele barazani kuliko zote, niliitoa mezani siku ya kwanza. Noah ndiyo ingekula zaidi, kwa sababu Noah ingetembea.

Roadster hii inaliwa kwa kusimama. Hapa naomba msomaji avumilie, maana ndipo bei yake ilipoamuliwa.

Inalala uani chini ya muarobaini, si mbali na bahari. Kusi ukivuma unaleta chumvi, na muarobaini unaleta majani. Gari hizi zina vitundu viwili vya kutolea maji, kimoja kila upande, nyuma ya mlango pale turubai linapokutana na bodi. Mvua inayoteremka juu ya turubai huingia kwenye vitundu hivyo, hupita ndani ya bodi na kutokea chini, karibu na tairi ya nyuma. Vikiziba, maji hayana pa kwenda ila kuingia kwenye boksi la chuma lililo chini ya mlango, na chuma kinaanza kuliwa kutoka ndani wakati rangi ya nje bado inang'ara.

Nilimwomba kikombe cha maji nikakimimina upande wa kulia. Tukachungulia chini: kavu. Nikamimina cha pili. Hapo yakatoka, lakini si kwenye tundu lake. Yakachuruzika kwenye ungio la bodi, mekundu ya kutu. Nikabonyeza kwa kidole gumba chini ya mlango, kwenye kona ya nyuma. Rangi ikapasuka, kidole kikazama. Kwa kipande cha waya wa plastiki tulitoa bonge la majani yaliyooza, jeusi, linanuka, na ndani yake mbegu ya muarobaini imeshaanza kuota. Upande wa kushoto ulikuwa mzima, na sijui tulisalimika vipi, kwani majani yanaanguka pande zote mbili.

Tairi nazo zina habari yake. Meno bado yapo, kwa sababu hazitembei, ila ubavuni zimejaa nyufa. Ukisoma zile tarakimu nne za mwisho zilizochapwa kwenye mpira unapata wiki na mwaka wa kutengenezwa. Zake zilikuwa 2316, yaani wiki ya 23 ya mwaka 2016. Mpira unazeeka kwa miaka, si kwa kilomita peke yake. Saizi ni 195/50 R15, ambayo huikuti imening'inia kwenye kila duka la tairi. Na betri, ambayo gari hizi zimewekewa ndani ya buti, anainunua mpya mara kwa mara kwa sababu inakufa kwa kulala.

Fundi wa bodi akataja laki 8 kukata chuma kilichooza na kuchomelea kipya, kabla ya rangi. Akasema pia kitu ambacho kila fundi wa bodi husema, kwamba akishafungua ndipo atakapojua.

Kwa hiyo kubaki na gari bila kubadilisha mpango hakukuwa bure kama jamaa alivyodhani. Alikuwa anajiambia, "Haili kitu, imekaa tu." Kukaa ndiko kulikokuwa kunamgharimu.

Tuje kwenye biashara yenyewe. Mwenye Noah aliiweka hivi: "Yangu milioni 16. Yako nakuhesabia 11. Niongeze 5 tumalizane." Jamaa alifurahi, maana hakuna mtu aliyewahi kumtajia 11. Katika kubadilishana gari, bei mbili zinazotajwa ni maneno matupu, fedha ya kweli ni ile nyongeza. Angeweza kusema Noah ni 26 na Roadster ni 21, nyongeza ingebaki 5 ile ile na jamaa angefurahi maradufu. Njia ya kupima ni kuuliza kila gari peke yake ingeuzwa ngapi kwa fedha taslimu, na mtu wa kumuuliza asiwe na maslahi. Tuliuliza madalali wawili, kila mmoja kwa wakati wake. Noah za umri ule na hali ile wote wawili waliziweka kwenye 13. Roadster mmoja alisema 9, mwengine 10 "akipatikana mpenzi wake." Basi tofauti ya haki ilikuwa baina ya milioni 3 na 4. Aliyetaka 5 alikuwa anajiongezea milioni moja mpaka mbili, na kumlipa jamaa kwa sifa.

Hilo la mpenzi wake si dogo. Soko la gari ya viti viwili Unguja ni jembamba, na huwezi kuitupa Bara kirahisi: gari ya namba ya Z, yaani iliyosajiliwa Zanzibar, kuhamia kule ina taratibu na malipo yake, na usajili wa vyombo vya moto umekaa miaka katika orodha ya kero za Muungano. Mwenye Noah alikuwa anaijua hali hii. Ndiyo sababu alitaka jibu kabla ya Ijumaa, ili jamaa asipate muda wa kutafuta mnunuzi.

Noah niliikagua Jumatano. Ni ya mwaka 2003, toleo lililoanza kuuzwa mwishoni mwa 2001, yenye injini ya 1AZ-FSE inayopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Ni injini nzuri ikipata petroli safi na fundi anayeifahamu. Ikikosa hayo inajaa masizi kwenye njia za hewa na inaanza vituko. Hii ilipowashwa ikiwa baridi ilitetema mpaka kioo cha pembeni kikawa hakioneshi kitu. Mwenyewe akasema ni plagi. Pengine. Pengine pia ni pampu ya presha, na hiyo ni fedha nyingine kabisa. Mlango wa kuteleza ulihitaji bega ili ufunge, na sakafu ya nyuma ilikuwa imekwaruzwa na masanduku ya watalii. Sikuwa na haja ya kuendelea.

Hata hivyo, kuikataa Noah ile hakukumaliza swali, kwa sababu Noah nzima zipo. Swali la viti lilibaki pale pale, na usiku wa Alkhamisi tulikaa kitako watu watatu tukaliangalia: jamaa, mkewe na mimi.

Shemegi alitaka Noah, na hoja zake hazikuwa za anasa. Watoto hawajawahi hata siku moja kukaa pamoja katika gari ya baba yao na mama yao akiwemo. Wakienda Makunduchi familia inagawika: mtoto mmoja Roadster na baba, mama na mwengine daladala ya 310. Bi Mkubwa, mama yake jamaa, ndiyo kabisa. Kiti cha Roadster kiko chini ya goti. Kuingia ni kujitupa, kutoka kunataka watu wawili wa kumvuta. Kwa hiyo mwanawe ana gari nyekundu inayojulikana Makunduchi nzima, na yeye anakwenda kliniki kwa daladala, ameshikwa mkono na binti wa ndugu yake. "Watu wa kule hawasemi," alisema shemegi, "lakini wanaona."

Jamaa naye akatoa neno ambalo nadhani alikuwa hajawahi kulitamka mbele ya mtu: viti viwili vimemsitiri. Hakuna aliyewahi kumgongea usiku apeleke mgonjwa. Arusi ikipangwa na kamati ikagawa magari, ya kwake haimo. Mgeni akishuka uwanja wa ndege na masanduku matatu, anatafutiwa mtu mwengine. Msiba ukitokea na mazishi ni shamba, yeye anakwenda na mtu mmoja, mchezo umekwisha. "Ukiwa na Noah," alisema, "wewe si mwenye gari tena. Wewe ni dereva wa ukoo, na petroli juu yako, maana nani atakudai adabu na akakupa petroli?"

Ni kweli tupu, na ni gharama ambayo sijaiona katika hesabu ya mtu yeyote anayenunua gari kubwa hapa. Mwenye viti vinane Unguja hana viti vinane. Ana vitano vya jamaa, viwili vya majirani, na kimoja cha kuendeshea. Nilikuwa nataka kumuunga mkono, lakini shemegi akanitangulia.

"Kaka yako ana pikapu," alimwambia mumewe. "Kila mgonjwa, kila msiba, kila gunia la mchele la Bi Mkubwa, ni yeye. Unadhani anabeba zamu yake? Anabeba yake na yako."

Jamaa hakuwa na jibu, na kwa maoni yangu jibu halipo. Viti viwili havikuwa vimeiondoa ile kazi, vilikuwa vimeisukuma kwa kaka mtu na kwa yule binti anayepanda 310 na mgonjwa. Kuanzia hapo mjadala ulibadilika. Haukuwa tena wa kama atabeba watu, ulikuwa wa watu wangapi.

Nikawaambia: msihesabu ukoo, hesabuni safari. Tukachukua daftari la mtoto tukaandika safari za miezi mitatu zilizohitaji gari na Roadster ikashindwa. Kliniki: Bi Mkubwa, yule binti, na jamaa anayeendesha, watu watatu, watoto wako skuli. Skuli siku za mvua: mama na watoto, na baba akiwapeleka wanakuwa wanne. Sokoni Darajani: wawili na mizigo. Makunduchi mwisho wa wiki: wanne, na wakirudi na Bi Mkubwa watano. Safari iliyozidi watu watano ilikuwa moja tu, arusi ya binamu. Ukiongeza Idi mbili, ambapo kila mtu yumo pamoja na binti, unapata siku chache katika mwaka.

Hapo nikaweka mezani gari ambayo hakuna aliyeitaja, Toyota Raum, toleo lililotoka mwaka 2003. Kwa sura siitetei, ni boksi. Injini yake ni 1NZ-FE ya 1.5, ile ile iliyomo katika IST na Spacio nyingi zinazozunguka hapa, kwa hiyo spea zake hazisumbui na kila fundi anaijua. Lakini sababu yangu ilikuwa mlango. Toyota waliliunda toleo hili wakiwafikiria wazee na wenye shida ya viungo. Mlango wa nyuma wa kushoto unateleza, na nguzo ya kati ya upande huo haionekani kwa sababu imefichwa ndani ya mlango wenyewe. Ukifungua wa mbele na wa nyuma, ubavu mzima wa kushoto unakuwa wazi, sakafu iko chini na ni bapa. Na kwa kuwa sisi tunaendesha kushoto, ubavu huo ndio unaotazama ukingo wa njia. Bi Mkubwa anageuza mgongo, anakaa, anaingiza miguu. Noah ina nafasi zaidi, lakini sakafu yake iko juu zaidi, na kwa mtu mwenye magoti mabovu kupanda kidaraja kimoja ni kazi.

Shemegi hakukubali mara moja. Watu watano katika viti vitano maana yake gari imejaa siku ya kwanza, alisema, na yule binti akae wapi, kwenye buti? Ana haki. Jibu langu lilikuwa la fedha: siku ya Idi na siku ya arusi wakodi Noah na dereva wake. Ni nafuu kuliko kumiliki viti vitatu vinavyokaa vitupu mwaka mzima, na kuvilipia kwa injini kubwa zaidi. Nilijua pia, ingawa sikulisema mbele yake, kwamba viti vitano ni idadi ambayo mtu anaweza kusema "imejaa" bila ya kuonekana mchoyo. Jamaa alilielewa bila kuambiwa, nilimwona anachangamka.

Alikuwa na jambo jengine shemegi: majirani wanne wameshamuuliza kama wakipata gari kubwa atawapelekea watoto skuli kwa malipo ya mwezi. Hili nililichukua kwa uzito kuliko yote, kwa sababu ndilo pekee lililokuwa linaingiza fedha. Lakini kubeba watoto wa watu kwa malipo ni biashara, inataka kibali chake na bima ya abiria, na inataka dereva kila asubuhi. Jamaa saa hizo yuko njiani na Vespa. Shemegi mwenyewe anakwenda skuli hiyo hiyo, ila leseni hana. Kununua gari kwa ajili ya biashara ambayo dereva wake hajajifunza kuendesha niliona ni mapema. Ajifunze kwanza.

Kubaki na Roadster na kuongeza gari nyengine ya bei rahisi kulijadiliwa kwa muda wa kikombe kimoja cha chai. Akiba yote ilikuwa ile milioni 5 ya nyongeza. Kwa fedha hiyo unapata gari ya matatizo, halafu laki 8 za bodi zinatoka wapi? Na muarobaini upo pale pale.

Ijumaa jamaa alimwambia mwenye Noah kuwa hataki. Yule bwana akashuka hadi 4, jioni yake akashuka hadi 3 na nusu. Kumbe iliwezekana. Jamaa alitikisika kidogo, nikamkumbusha kile kioo cha pembeni.

Roadster ilichukua karibu miezi miwili kuuzika. Nilimshauri asichomelee wala asipige puti. Aiuze kama ilivyo, amuoneshe mnunuzi pale kidole kilipozama, ajadiliane naye hapo hapo. Kuficha aibu ya kitu unachokiuza ni ghushi, hilo kila mmoja wetu analijua, lakini hata kwa akili ya soko tu, mtu anayetafuta Roadster anajua pa kubonyeza. Mnunuzi alikuwa mgeni mkaazi wa upande wa Fumba, ana banda lenye paa na hana mti karibu. Alilala chini na tochi muda mrefu, akainuka, akatoa milioni 9 na laki 2. Siku hiyo hiyo walikwenda wote Mamlaka ya Mapato Zanzibar kuhamisha jina, na ufunguo haukutoka mkononi mpaka karatasi zilipokamilika. Nalitaja hili kwa sababu katika kubadilishana gari ndilo linalorukwa: kila mtu anaondoka na gari ya mwenzake, kadi zinabaki majina ya zamani, na faini ya mmoja inamfuata mwengine.

Raum ilipatikana kwa milioni 9 na nusu, ya mwaka 2006, gia za otomatiki, haina kutu chini kwa sababu haijakaa kisiwani muda mrefu. Tairi mbili mpya, oili na breki zilikula laki 6. Kwa hesabu hiyo, kati ya zile milioni 5 zilizokuwa ziende kwa mtu wa Mwanakwerekwe zimetoka laki 9, na milioni 4 na laki moja bado ziko benki. Inalazwa upande wa pili wa ua, mbali na mti. Shemegi ameanza masomo ya udereva. Jamaa analalamika kwamba Raum inalalia ubavu kwenye kona za Jozani na hataki kuambiwa apunguze mwendo.

Kaka mtu mwenye pikapu ameshapiga simu. Jumamosi kuna arusi Muyuni, kamati imempangia jamaa watu wanne, na petroli ni juu yake mwenyewe.